Jinsi ya Kuripoti Ukatili Dhidi ya Mtoto Unapotokea Ndani ya Taasisi ya Dini: Mwongozo Kamili

Wengi wanaokwama kwenye jambo hili si kwamba hawajali. Wanaripoti mahali pasipostahili. Mwalimu wa shule ya Jumapili anamwambia mchungaji. Ustadhi msaidizi anamwambia imamu. Mlezi wa kwaya anamwambia mzee wa kanisa, mzee anamwambia katibu, katibu anaitisha kikao. Kila mmoja analala usiku huo akiamini ameshatimiza wajibu wake. Polisi hawajui, ustawi wa jamii hawajui, na mtuhumiwa ameshapata muda wa kutosha kufuta ujumbe kwenye simu na kuzungumza na wazazi wa mtoto.

Kwa hiyo shika jambo moja kabla ya mengine yote: taarifa ya kwanza inakwenda nje ya taasisi, siku hiyohiyo, na anayeipeleka ni wewe uliyeisikia. Uongozi wa dini unaarifiwa baadaye. Ukigeuza mpangilio huu, hatua zote zinazofuata zinaharibika.

Mwongozo unamhusu kiongozi wa dini, mwalimu wa madrasa, mlezi wa vijana, katibu, mpishi wa kambi, mhudumu wa mlangoni na muumini wa kawaida. Na ukatili si ule wa kingono peke yake. Kumpiga mtoto hadi aumie, kumnyima dawa au chakula kwa jina la maombi, kumfunga kamba kwa madai kuwa ana pepo au ni mchawi, kumwozesha akiwa bado mtoto: yote haya yanaripotiwa kwa njia hiihii.

## Vitu vya kuwa navyo

Viandae leo, kabla hujavihitaji. Siku ya tukio akili haitulii.

- Namba tatu za simu: kituo cha polisi (ikiwezekana kitengo kinachoshughulikia watoto), ofisi ya ustawi wa jamii au afisa wa watoto wa eneo, na simu ya bure ya msaada kwa watoto. Nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, hutumia 116. India ni 1098. Nchi nyingi za Ulaya hutumia 116 111.
- Kifungu cha sheria ya nchi yako kinachohusu kuripoti, kimechapishwa kwenye karatasi.
- Jina la hospitali inayotoa huduma kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono. Si kila zahanati inaitoa.
- Daftari na kalamu ya wino.
- Mifuko michache ya karatasi. Sababu yake inakuja katika hatua ya 3.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza, ambaye si ndugu wa mtuhumiwa wala hafanyi kazi chini yake.

Kuna vitu watu huvisubiri wakati havihitajiki. Huhitaji ushahidi. Huhitaji shahidi wa pili. Huhitaji barua ya kiongozi wala kibali cha kamati. Sheria nyingi zinataka uwe na sababu ya msingi ya kushuku, basi. Kuthibitisha ni kazi ya polisi na mahakama, na wewe ukijaribu kuwafanyia kazi hiyo unawaharibia.

## Hatua ya 1: Jua sheria inakuweka wapi

Nchi hazifanani. Baadhi zinamwajibisha kila mtu. Sheria ya India ya mwaka 2012 ya kuwalinda watoto dhidi ya makosa ya kingono inamtaka mtu yeyote anayejua aripoti, na asiyeripoti anaweza kufungwa hadi miezi sita. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka wajibu kwa mwanajamii yeyote mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa, na inamwelekeza apeleke taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Nyingine zinataja orodha ya kazi. Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005 inawataja wahudumu wa dini waziwazi, pamoja na walimu, madaktari na wauguzi. Ireland, ambako wajibu wa kisheria ulianza Desemba 2017, nayo imewaweka makasisi kwenye orodha yake.

Unaposoma kifungu chako tafuta majibu manne: nani anatakiwa kuripoti, ukatili wa aina gani, kwa ofisi gani, na ndani ya muda gani. Muda usiupuuze. California, kwa mfano, inataka simu ipigwe mara moja na maandishi yafuate ndani ya saa 36.

Onyo: mara nyingi wajibu huu ni wa mtu binafsi. Kumwambia mkubwa wako hakukuondolei wajibu, hata akiahidi kuwa "ofisi itashughulikia". Kwenye orodha jina lako limo wewe, si ofisi.

Na ikiwa kazi yako haimo kwenye orodha? Ripoti tu. Sheria hizi hulazimisha baadhi ya watu. Hazimkatazi mwingine yeyote, na nyingi humlinda anayeripoti kwa nia njema hata ikija kuonekana kwamba hofu yake haikuwa na msingi.

## Hatua ya 2: Msikilize mtoto, usimhoji

Hapa ndipo kesi nyingi huharibikia, na anayeziharibu ni mtu mwema.

Mtoto hasimulii kama mtu mzima anayetoa ushahidi. Hudondosha kipande kidogo, kisha anakutazama usoni aone utafanya nini. Anaweza kusema: "Mwalimu, mimi sitaki tena kubaki kufagia baada ya darasa." Ukimjibu "acha uvivu", mlango umefungwa. Ukishtuka na kupiga kelele, umefungwa vilevile.

Sogea naye mahali tulivu lakini panapoonekana na watu wengine. Kaa usawa wake. Kisha tumia maneno yasiyompa jibu:

- "Niambie zaidi."
- "Halafu ikawaje?"
- "Ulisema hutaki kubaki. Nieleze."

Usiulize: "Alikushika sehemu za siri?" "Ni fulani, siyo?" "Alikuvua nguo?" Maswali ya namna hiyo yana jibu ndani yake. Mtoto aliyezoea kuwatii wakubwa anaweza kusema ndiyo ili kukuridhisha, na miezi kadhaa baadaye wakili wa utetezi atasimama kuuliza kama maneno ni ya mtoto au ni yako. Ukishajua nani anatajwa na kwa ujumla kimetokea nini, una cha kutosha kuripoti. Acha hapo. Mahojiano kamili hufanywa na mtu aliyefunzwa, na yakifanywa vizuri mtoto hahitaji kuyarudia mara tano.

Usiahidi siri. Mtoto akisema "usimwambie mtu", mjibu ukweli: "Siwezi kuahidi hivyo, kwa sababu nataka uwe salama. Nitawaambia watu wachache tu ambao kazi yao ni kulinda watoto." Mwambie pia kwamba hana kosa, na kwamba amefanya vizuri kusema. Usimuulize kwa nini alikaa kimya muda wote huo. Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza ukatili wa kingono kwa watoto ndani ya taasisi, na kumaliza kazi mwaka 2017, ilibaini kwamba waliozungumza nayo kwa faragha walikuwa wamechukua wastani wa miaka 23.9 kabla ya kumwambia mtu. Mtoto aliyekaa kimya miezi mitatu hajachelewa.

Kuna mambo mawili ya ziada ambayo hutokea kwenye nyumba za ibada tu. La kwanza ni kumwombea mtoto palepale ili asamehe. Msamaha si ajenda ya siku hiyo, na mtoto anauelewa kama amri ya kunyamaza. La pili ni kumwita mtuhumiwa "waonane uso kwa uso ili ukweli ujulikane". Mtoto wa miaka tisa mbele ya mtu anayeongoza sala atafuta kauli yake kabla hajakaa vizuri, na watakaomkuta baadaye watakuwa na kauli mbili za kulinganisha.

Wakati mwingine hakuna maneno kabisa, kuna dalili: majeraha yasiyo na maelezo, hofu ya mtu mmoja maalumu, zawadi na pesa zisizo na sababu, ujumbe wa simu wa usiku kutoka kwa mlezi, lugha ya kingono isiyolingana na umri. Dalili moja inaweza kuwa na sababu nyingine. Zikiwa mbili au tatu pamoja, piga simu ueleze ulichokiona. Upande wa pili wapo wa kukushauri.

Umefaulu ukiona: mtoto ametulia kidogo, anajua kitakachofuata, na hujamuuliza swali hata moja lenye jibu ndani.

## Hatua ya 3: Usalama wa usiku huu, na daktari

Jiulize: leo usiku mtoto analala wapi, na mtuhumiwa anaweza kumfikia? Kama ni bweni la madrasa, kituo cha yatima au kambi ya vijana, mtoto asirudi kwenye chumba ambacho mtu huyo ana ufunguo wake. Kama hatari ni ya sasa hivi, ruka hatua zote nyingine na upige simu ya dharura ya polisi.

Mzazi apigiwe simu, isipokuwa pale ambapo yeye ndiye anayeshukiwa, au ni dhahiri yuko upande wa mtuhumiwa. Katika hali hiyo waulize kwanza maafisa.

Kwa ukatili wa kingono wa karibuni, saa zina maana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba huweza kutolewa hadi siku tano, navyo hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Mtoto asiogeshwe wala asibadilishwe nguo kabla ya daktari kumwona. Ikiwa ameshabadilisha, kila nguo iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi bila kufuliwa. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, ukungu unaota, na ushahidi unaharibika.

Saa 72 zimepita? Mpeleke hivyohivyo. Kuna magonjwa ya kupima na majeraha ya kutibu, na kuna mtoto anayetaka kusikia kwa mtaalamu kwamba mwili wake uko salama. Uchunguzi usipoonyesha jeraha, usiuchukue kuwa ushahidi kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hawaonyeshi alama yoyote mwilini.

## Hatua ya 4: Andika siku hiyohiyo

Andika kwa mkono, kabla ya kulala, na kabla hujasikia maelezo ya mtu mwingine. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, mtoto alisema nini kwa maneno yake, wewe ulimuuliza nini, ulimwona katika hali gani. Saini.

Maandishi yanayofaa ni kama haya:

"Saa 10:20 jioni, baada ya darasa, mtoto (miaka 9) alibaki amekaa. Nikamuuliza, 'Vipi leo huendi?' Akasema: 'Sitaki kupita kwa ustadhi. Ananikalisha mapajani halafu ananiumiza.' Nikasema, 'Niambie zaidi.' Akanyamaza, akalia. Sikumuuliza tena."

Yasiyofaa ni haya: "Mtoto alithibitisha kuwa amenajisiwa na ustadhi, ambaye tabia yake inajulikana." Hapo umeshatoa hukumu, umebadilisha maneno ya mtoto kuwa lugha ya mahakamani, na umeongeza uvumi. Mtoto akisema "kidudu", andika kidudu.

Usiweke lolote kati ya haya kwenye kundi la WhatsApp, hata la viongozi wanne. Ujumbe uliosambaa haurudi, na jina la mtoto litafika shuleni kwake kabla ya polisi kufika.

## Hatua ya 5: Piga simu nje

Sasa ndiyo kuripoti kwenyewe. Yaliyotangulia yote, ukiondoa dharura, yanatakiwa kumalizika ndani ya saa chache. Nasisitiza saa chache kwa sababu watu husema "nilale kwanza nitafakari", na wakishalala na kutafakari huamka na sababu saba za kusubiri Jumapili ipite.

Ofisi ipi? Ile sheria yako inayoitaja. Kama huna uhakika, piga simu ya msaada kwa watoto, watakuelekeza. Ukatili wa kingono au kipigo kikubwa upeleke polisi hata kama umeshawaambia ustawi wa jamii.

Simu isikutishe. Sema hivi:

"Naitwa fulani, ni mwalimu wa kujitolea katika taasisi fulani ya dini. Naripoti hofu ya ukatili wa kingono kwa mtoto wa kike, miaka tisa. Mtoto mwenyewe ameniambia leo saa kumi jioni. Anayetajwa ni mtu mzima anayefundisha hapohapo, na bado anakutana na watoto wengine. Usiku huu mtoto yuko kwa bibi yake. Hajaonwa na daktari. Nimeandika alichosema. Nifanye nini sasa, na mtoto aonwe wapi?"

Umetaja wewe ni nani, mtoto ni nani, nini kimesemwa, nani anatajwa, hatari iliyopo, na mtoto yuko wapi. Wakikuuliza usilolijua, sema hujui. Usikisie ili uonekane una habari kamili.

Je, unaweza kuripoti bila kutaja jina? Sehemu nyingi unaweza. Lakini taarifa isiyo na jina ni ngumu kufuatilia, na kama uko kwenye orodha ya wenye wajibu huenda ukashindwa kuthibitisha kwamba ulitimiza wajibu wako. Maoni yangu: taja jina, kisha omba lifichwe.

Onyo: usimdokezee mtuhumiwa. Hata kwa nia ya kumpa nafasi ya kutubu. Simu yake, kompyuta yake na watoto wengine anaoweza kuwatisha viko mikononi mwake mpaka polisi wafike.

## Hatua ya 6: Ondoka na uthibitisho

Andika jina na cheo cha aliyekupokea, saa, na namba ya taarifa. Kisha peleka maelezo yako kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au barua pepe yenye tarehe. Bila karatasi hii, mtu akija kusema "hukuripoti", litakuwa neno lako dhidi ya lake.

Inatokea afisa akasema, "Haya ni mambo ya dini, kayamalizeni huko." Usibishane naye mezani. Muulize jina lake, andika jibu lake, kisha nenda kwa mkuu wa kituo au ofisi ya ustawi wa jamii, na upige tena simu ya msaada kwa watoto uwaeleze kuwa umekataliwa.

## Hatua ya 7: Sasa uongozi wa dini

Kabla ya kuwaambia, muulize afisa anayeshughulikia: "Lini naweza kuwaarifu viongozi bila kuharibu uchunguzi?" Akisema subiri siku mbili, subiri siku mbili.

Mwambie mtu mmoja: msimamizi wa ulinzi wa mtoto kama taasisi inaye, la sivyo kiongozi mkuu. Mtuhumiwa akiwa ndiye mkuu, panda ngazi moja: dayosisi, baraza, bodi ya wadhamini. Namna ya kulisema ina uzito. Usiseme "naomba ushauri". Sema: "Nimesharipoti kwa mamlaka leo saa mbili. Nakuarifu ili watoto wengine walindwe." Umesharipoti, kwa hiyo hakuna cha kuzuia, na hata kiongozi mwoga anapata nafuu kwa kuwa uamuzi haumwelemei tena.

Kisha omba mambo haya, kwa maandishi:

Kwanza, mtuhumiwa asimame mara moja kwenye kila kazi inayomkutanisha na watoto wakati uchunguzi unaendelea. Kusimamishwa si kuhukumiwa. Kumhamishia usharika mwingine au msikiti mwingine si kumsimamisha. Ni kumpelekea watoto wapya wasiojua.

Pili, nyaraka zitunzwe: mahudhurio, orodha za kambi, picha za kamera, barua za malalamiko ya zamani.

Tatu, pasiwe na uchunguzi wa ndani mpaka polisi waseme wamemaliza kuwahoji watu. Kamati ya wazee ikiwaita mashahidi kwanza, polisi watakuta kila mtu ameshajua cha kusema.

Nne, mimbarini na madhabahuni jina la mtoto lisitajwe, wala yasitolewe maelezo yanayomtambulisha.

Kwa Wakatoliki kuna wajibu wa pili unaojitegemea. Tangu Juni 2019, hati ya Papa Fransisko iitwayo Vos estis lux mundi, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2023, inawataka makleri na watawa wapeleke taarifa kwa mamlaka ya Kanisa. Hati hiyohiyo inasema haipunguzi wajibu wa sheria za nchi, na inakataza kumfunga mdomo anayelalamika. Kiongozi akikwambia "tayari iko kwa askofu", mjibu kwamba hiyo ni ripoti moja kati ya mbili.

## Hatua ya 8: Jiandae kwa shinikizo

Litakuja, na litakuja kwa sauti ya upole. Ndani ya taasisi ya dini shinikizo halianzi na vitisho, linaanza na maandiko.

"Mathayo 18 inasema ukamwonye ndugu yako faraghani." Maneno yale yanahusu ndugu aliyekukosea wewe. Mtoto hakukosewa na ndugu mwenzake. Ametendewa jinai na mtu mwenye mamlaka juu yake. Na mlango huohuo wa 18 umebeba onyo la jiwe la kusagia kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Ajabu ni kwamba aya hiyo haisomwi kwenye vikao hivi.

"Hakuna mashahidi wawili." Au wanne. Masharti ya ushahidi yanamhusu anayetoa hukumu. Wewe hutoi hukumu. Jinai za aina hii hufanywa faraghani kwa makusudi, kwa hiyo kusubiri shahidi wa pili mara nyingi ni kusubiri mtoto wa pili. Tume ya Australia ilikuta shirika moja la kidini lenye majalada ya watuhumiwa 1,006 yaliyokusanywa tangu 1950, na hakuna hata mmoja ambaye shirika lenyewe lilimripoti kwa mamlaka za nchi.

"Uislamu umeamrisha kusitiri aibu ya Muislamu." Sitara ni ya mja aliyeteleza kwenye dhambi yake mwenyewe. Dhulma kwa mwingine haisitiriwi. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inaamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi yako, wazazi na jamaa.

"Familia imeshakubali fidia." Pesa zinazopokelewa kwenye kikao cha maridhiano hazifuti jinai, na katika nchi nyingi kupatana ili kesi isiende mbele ni kosa. Usihudhurie kikao hicho. Ukilazimishwa kuhudhuria, usisaini kitu.

"Unaichafua nyumba ya Mungu." Hapa sina jibu refu. Nyumba haikuchafuliwa na aliyepiga simu.

Shinikizo likigeuka vitisho, hilo nalo ni la kuripoti. Andika tarehe na maneno, wape polisi. Mweleze pia mtu mmoja wa familia yako kinachoendelea, kwa sababu kutengwa na waumini wenzako kunachosha kuliko unavyodhani, hasa siku za ibada ambapo hakuna anayekusalimia.

## Hatua ya 9: Fuatilia

Baada ya siku tatu hadi saba piga simu kwa namba ya taarifa uliyopewa. Huenda wasikueleze undani, na hilo ni sahihi. Uliza matatu tu: Je, mtoto ameonwa? Je, kuna afisa aliyepewa jalada? Je, wanahitaji maelezo zaidi kutoka kwangu?

Wakati huo mtoto anabaki kuwa mtoto. Mfundishe kama kawaida, msalimie kama kawaida. Usimuulize kesi imefikia wapi.

## Hali ngumu

Kitubio. Padri Mkatoliki hawezi kufichua alichokisikia kwenye maungamo, na Kanisa halijalegeza hilo. Desemba 2019 Papa Fransisko aliondoa siri ya kipapa kwenye kesi hizi, lakini hiyo ni siri ya majalada ya ofisi. Siri ya kitubio haikuguswa. Baadhi ya mabunge yameamua vingine: jimbo la Victoria nchini Australia mwaka 2019 lilipitisha sheria inayowataka makasisi waripoti hata walichokisikia kwenye maungamo. Padri anatakiwa kujua sheria ya nchi yake kabla ya kukaa kwenye kiti cha maungamo. Kuna la kufanya bila kugusa siri: mtoto akidokeza kwenye kitubio, padri anaweza kumhimiza amwambie mtu mzima anayemwamini, au wazungumze tena nje ya kitubio akitaka mwenyewe. Na ushauri wa kichungaji ofisini, mazungumzo baada ya misa au ujumbe wa simu si kitubio. Kuna wanaotanua siri hiyo mpaka ifunike kila mazungumzo na mtu aliyevaa kanzu.

Mkosaji mwenyewe anakiri kwako, nje ya kitubio. Usimwahidi lolote. Mwambie utaripoti, kama kumwambia hakumweki mtoto hatarini. Kama kunamweka, ripoti kwanza. Toba ya kweli haikwepi kituo cha polisi.

Aliyefanya ni mtoto mwingine. Ripoti vilevile. Maafisa wa watoto wana utaratibu tofauti kwake, na yeye pia huenda kuna aliyemfanyia.

Mtu mzima anakusimulia ya utotoni mwake. Sheria za nchi zinatofautiana hapa, na uamuzi wa kwenda polisi kwa ajili yake mwenyewe mara nyingi ni wake. Lakini muulize swali moja: "Mtu huyo bado anakutana na watoto?" Jibu likiwa ndiyo, hiyo si habari ya zamani tena. Rudi hatua ya 5.

Daftari lako. Usilichome kesi ikiisha, wala ikifungwa kwa kukosa ushahidi. Kesi hizi hufunguliwa tena mtoto anapokuwa mtu mzima, na Tume ya Australia ilipendekeza taasisi zitunze kumbukumbu za aina hii kwa angalau miaka 45. Liweke kwenye bahasha iliyofungwa, mahali penye kufuli, tarehe ikiwa juu, na nakala moja ya taarifa ibaki nyumbani kwako badala ya kabati la ofisi.